Kwa Nini Mama Hali Kunde

Surulere, Lagos
Novemba 1979

Kwa mdogo wangu mpenzi Filomena, Ada, binti wa kwanza wa nyumba yetu,

Pokea salamu zangu nyingi. Baada ya salamu nataka kujua hali yako, na hali ya kifua cha Mama sasa kwa kuwa vumbi la kiangazi linakaribia. Mimi sijambo, ukiacha huu mguu wenye chuma, ambao siku hizi unatabiri hali ya hewa kuliko redio. Mke wangu Uzoamaka anakusalimu sana na anasema kile kiungo cha ogiri ulichomtumia kilifika salama, ingawa dereva alilalamika kwamba abiria walimtukana njia nzima kwa harufu yake. Watoto wako shuleni, na wanakula kama jeshi lililoshinda vita.

Utashangaa kuona nimeituma barua hii shuleni kwako na si kwa anwani ya parokia kama siku zote. Nimefanya makusudi. Najua desturi yako ya kumsomea Mama barua zangu huku akimenya mbegu za egusi, na najua huwa unamwongezea salamu ambazo mimi sikuziandika. Hii usimsomee. Isome peke yako, wanafunzi wakishatoka.

Katika barua yako ya mwezi wa sita uliniomba jambo moja tu: kwamba kitabu changu kimsafishe Okwudili. Ulisema mama yake bado amekaa peke yake kule Umuonyia katika ua ambao watu wanauita ua wa sabo, na kwamba wenzake wa rika wamekataa mpaka leo kumfanyia mazishi ya pili, kwa hiyo kwa hesabu ya kwetu roho yake bado inatangatanga. Hukusema lolote juu yako mwenyewe, lakini nami nina macho, na najua ni wachumba gani umewarudisha makwao. Mwisho wa barua ukaandika, kama mzaha, kwamba Mama bado hagusi kunde, na kwamba bajia zako za asubuhi, ambazo walimu wenzako wanazigombania, yeye anazisukuma pembeni na kula ugali wa jana. Ulisema ni uzee. Nitarudi kwenye kunde.

Kitabu kinakwenda. Mchapishaji wa Ibadan ananihimiza, kwa sababu maofisa wenzangu nao wanaandika, wa upande wao na wa upande wetu, na ukiwasoma wote utadhani hakuna aliyeshindwa vita ile ya Biafra. Kila mmoja alishika daraja, kila mmoja alionya mapema. Mimi nimejitahidi nisiwe hivyo. Januari ya mapinduzi nimeiandika ilivyokuwa: nilikuwa kapteni kule Kaduna, nikaambiwa nikalinde jengo la simu, nikalilinda, na asubuhi nilipoona watu wanashangilia barabarani nikaamini kwamba tumeiokoa nchi. Kufika Julai wenzetu wa kaskazini walikuwa wamelipiza, na nchi tuliyoiokoa ikaanza kutuchinja sisi Waigbo. Hayo hayakunisumbua kuyaandika. Iliyonishinda ni sura ya Okwudili.

Wewe ulimjua kama mchumba, mimi nilimjua kama luteni wangu. Alizaliwa Kano, Sabon Gari, ule mtaa wa wageni, baba yake akiwa karani wa reli. Kihausa ndicho alichonyonya, na Kiigbo chake kilikuwa cha mtu anayetafuta viatu gizani. Katika mesi ya maofisa tulimtania bila huruma. Nilimwambia siku moja, "Okwudili, wewe hata ndoto zako zimevaa kilemba." Akanijibu, "Afadhali zangu zimevaa, mkuu. Zako zinatembea uchi." Unakumbuka alipokuja kwetu kuposa, na pombe ya mchikichi na kokwa za kola, Baba akiwa bado hai, akakosea salamu mbele ya wazee, ukacheka mpaka Baba akakufukuza uani? Kisha ukaitwa tena, ukapewa kikombe, ukampelekea yeye mbele ya wote. Mwaka huohuo baba yake aliuawa mlangoni kwake kule Kano. Mtu angedhani ataichukia Kano. Hakuichukia. Hata vitani, mstari wa mbele, akilala tu mchana alikuwa akizungumza Kihausa na watu wa utotoni mwake.

Mwaka wa pili wa vita unaujua, sitaki kukurudisha huko. Ila ukumbuke lile neno. Redio ya Biafra ilikuwa ikitangaza habari za wahujumu kwa neno refu la Kizungu, nasi tukalikata likabaki sabo. Chumvi ikikosekana, kuna sabo. Mji ukianguka, kuna sabo. Hatukuweza kusema kwamba wenzetu wana mizinga na sisi hatuna, basi tukasema sabo. Makao yetu yalipopigwa mara mbili mahali palepale, kila mtu akawa anamtazama jirani yake. Wakati huo ndipo ndege ilipotupa bomu sokoni na tukampoteza mdogo wetu Chikezie, ambaye alikuwa ametumwa na Mama kutafuta samaki mkavu. Na wakati huohuo Okwudili akaletwa nyumbani kwetu na malaria, kwa kuwa hospitali ilikuwa imejaa watu kama mimi waliopasuliwa miguu. Wewe ulikuwa kwenye kituo cha misaada ukilisha watoto wa watu. Mama ndiye aliyemuuguza.

Yaliyofuata tuliambiwa wote kwa namna moja: kwamba mateka mmoja wa adui alimtaja kuwa sabo, kwamba askari walikuja kumchukua na homa yake, kwamba mahakama ilikaa alasiri moja, na kwamba alipigwa risasi nyuma ya shule ya misheni. Uliletewa mkanda wake. Mimi nililetewa habari kitandani.

Kwa ajili ya kitabu nilimtafuta yule Sajini Ikegbunam wa polisi wa jeshi, ambaye sasa anauza vipuri vya pikipiki Nnewi na amenenepa. Alinikaribisha vizuri, akaninunulia bia, na nilipomuuliza juu ya mateka alicheka, si kwa ubaya. "Mateka gani, mkuu? Sisi wakati ule hata sabuni hatukuwa nayo, tungekuwa na mateka?" Akasema waliitwa na Katekista Lazarus. Na katekista aliambiwa na mwanamke wa nyumba ile kwamba mgonjwa amekiri kwa kinywa chake kuwa yeye ni sabo. Mahakamani aliulizwa kama ni kweli, na yeye kwa homa ile akajibu kwa Kihausa, lugha ya adui. Hilo likawamalizia kazi.

Nilitoka Nnewi nikiwa na hasira ya kutosha kubomoa ukuta. Katekista ameshakufa, lakini nyumba yetu wakati ule ilijaa wakimbizi, na nilikuwa na hakika ni yule mwanamke wa Onitsha aliyegombana nawe kwa ajili ya sufuria. Nikaja nyumbani kumuuliza Mama jina lake. Ni ile safari uliyoniambia umesikitika kunikosa, ulipokuwa Awka kusahihisha mitihani.

Filomena, kaa kitini.

Mama alivua kitambaa cha kichwa, akakikunja magotini, akasema, "Acha kumtafuta mwanamke wa watu. Ni mimi."

Alisema Okwudili alikuwa akiweweseka kila jua lilipopanda, na neno lililorudi kinywani mwake ni moja, sabo, sabo. Mama alidhani masikio yanamdanganya. Akainama karibu, akasikia tena: kai ni Sabo. Hakuelewa mengine, ila hilo la mwisho alilielewa kama kila mtu wa nchi yetu alivyolielewa, akadhani anakiri. Chikezie alikuwa hata wiki mbili hajamaliza kaburini. Alikwenda kwa katekista. Nilijaribu kumsaidia, nikamwambia bila shaka alikwenda kuomba ushauri, au sala. Alinikatiza. "Usinifanye mtoto. Nilijua Lazarus atakwenda wapi akitoka pale. Nilimtazama mpaka akapotea njiani, na sikumwita arudi."

Mimi nimekaa Kaduna miaka, Kihausa nakifahamu. Maneno yale aliyahifadhi sawasawa, kama mtu aliyekariri sala ya Kilatini. Nikaanza kutafuta uongo wa kumwambia, lakini akaniwahi. Alisema, "Usihangaike, najua maana yake."

Wafanyabiashara wa Kihausa waliporudi baada ya vita na kutandaza magunia sokoni Eke, Mama alikwenda kununua kunde. Kijana mmoja alikuwa amesimama juu ya gunia lake akipaza sauti, "Sabo ne! Sabo ne!" Mama akamuuliza, kwa lugha ya sokoni, mbona anajitangaza hivyo mbele za watu, hataki kuishi? Kijana akacheka. Akamwambia sabo kwao ni kitu kipya, kunde mpya, mama, tazama zinavyong'aa. Ndipo Mama akamwambia maneno yote aliyoyabeba. Kijana akaacha kucheka, akamjibu kwa heshima: ni mtu anayeomba kupelekwa Sabo, yaani Sabon Gari, mtaa wa Kano walikokuwa wakikaa watu wenu zamani. Ni mtu anayetaka kwenda nyumbani.

Hakununua kitu siku ile. Tangu hapo hajala kunde. Wewe umekuwa ukimpikia, ukimbembeleza, ukimtania kwamba anaringa, na yeye kila asubuhi amekuwa akijaribu kukwambia na ulimi unakataa. Nilimwambia vita ndivyo ilivyokuwa, kwamba neno lile lilitutia wazimu sote. Akasema niache maneno ya kitabu. Kisha akanipa amri, na sijapata kupewa amri nzito hivyo na jenerali yeyote: niandike yote, na nisiandike "mwanamke mmoja", niandike Nwanyieke, mama wa Chikezie. Mama wa Okwudili asomewe kwanza, kabla ya mtu mwingine, na mama yetu mwenyewe atakwenda Umuonyia kukaa chini mbele yake, apokee atakachopewa.

Sura nimeiandika. Iko mezani hapa, na sitaipeleka Ibadan mpaka nipate neno lako, kwa sababu ikitoka, Okwudili atapata mazishi yake, na wewe utabaki nyumba moja na mtu aliyemuua. Na isipotoka utabaki naye vilevile, ila sasa unajua. Sina ushauri. Niliwaongoza watu kupita mashamba ya mabomu, na hapa sijui hata pa kuweka mguu. Nalia ninapoandika, na Uzoamaka anadhani ni mguu.

Siku ile nilipoondoka, Mama alinishika mkono, akasema hataki umuulize kitu wala hataki umsamehe kwa mdomo, maana hatajua ajibu nini. Alisema, "Siku atakayojua, na akiona anaweza kukaa na mimi, anipikie kunde. Nitakula mpaka mwisho. Asipoweza, anipe ugali wa jana kama kawaida, nitajua tu kwamba bado."

Jilinde, mdogo wangu. Uzoamaka na watoto wanakukumbatia. Na kuhusu salamu za Mama, safari hii sikuziandika. Zile utakazomwongezea wewe, ndizo atakazopata.

Ni mimi kaka yako,
Onyekwelu