Sweta Limeripoti

4 Machi

Mdogo wangu Kidomo,

Hujambo wewe? Kifua kimepoa? Usiniambie kimepona huku bado unalala dirisha wazi. Sisi huku wazima, ila magoti yangu yameanza kulalamika kila nikipanda ngazi za ofisi, na lifti ile unayoikumbuka bado "inatengenezwa". Simu yako siku hizi inaita tu mpaka inachoka, basi nimeamua kukuandikia kama zamani.

Ndugu yangu, mmetumaliza! Hicho kipindi chenu cha Rudi Jumatatu ndiyo habari ya hapa kazini. Ijumaa asubuhi hakuna anayegusa kazi mpaka kila mtu atoe maoni yake. Mhasibu anasema yule bosi anayefoka kwenye simu ambayo haijaunganishwa ni Mkuu wetu mtupu. Mkuu wetu naye, ambaye hakosi hata wiki moja, anasema ni Mkuu wa tawi jingine. Tarishi anataka kujua kama mwigizaji yule anayesinzia mezani analipwa kwa kusinzia, maana yeye ana uzoefu wa miaka mingi. Aliyenuna ni dereva peke yake. Anasema dereva wa kweli hawezi kuishiwa mafuta mbele ya kituo cha mafuta. Mwezi uliopita yalimkuta hayo hayo, na mimi nilikuwemo garini.

Nami najigamba, sikufichi. Nimewaambia wote kwamba mwandishi ni mdogo wangu wa tumbo moja, niliyembeba mgongoni. Tunatazama nyumbani kwa Bi Pole, rafiki yangu wa dawati la malalamiko, maana hawezi kumwacha mumewe. Tangu apooze upande, mzee wa watu hasemi zaidi ya maneno mawili matatu, lakini Alhamisi, siku ya kipindi, hucheka kwa nusu ya mdomo mpaka machozi yanamtoka. Bi Pole anasema hiyo ndiyo dawa pekee isiyo na foleni. Anakusalimu sana.

Kula vizuri.

Dada yako


15 Machi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Kifua kimepona na dirisha nafunga, mama wa pili wewe. Pole na magoti. Mwambie Mkuu wenu apande ngazi hizo siku moja tu, lifti itatengenezwa kabla hajafika juu.

Barua yako niliwasomea wenzangu studio, hapo kwa dereva wakashika mbavu. Maoni yanamiminika, dada. Mtazamaji mmoja ametutukana ukurasa mzima, anasema tunawavunjia heshima watumishi, kisha mwishoni akauliza marudio ni siku gani. Mwingine anadai tumeweka kamera ofisini kwao, anataka tuitoe. Mtayarishaji wetu, yaani bosi wangu, huyabandika maoni ukutani na kutukumbusha kila asubuhi kwamba watazamaji ndio waajiri wetu.

Nikwambie ukweli lakini. Mwezi uliopita nilikuwa nimekauka. Nakaa mbele ya karatasi, hakuna kinachokuja, na mtayarishaji ameanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Ndipo nikakumbuka zile jioni nilipokuja kukaa kwako sina kazi, wewe uko jikoni na mwiko mkononi, unanisimulia vituko vya ofisini. Dada, wewe ni kisima. Alhamisi ijayo usikose, na Bi Pole asikose. Nimewawekea kitu.

Mdogo wako,
Kidomo


26 Machi

Kidomo,

Mimi mzima wa mwili. Natumaini nawe u mzima.

Kitu ulichotuwekea tumekiona. Nilikuwa kwenye kochi karibu na Bi Pole, mumewe tumemwinua kwa mito ili aone vizuri. Akatokea mwanamke wa dawati la malalamiko. Anaingia asubuhi, anasaini, anavua sweta jekundu, analitundika kwenye kiti, anabeba mkoba na kwenda zake saluni. Mteja akiuliza kama yupo, wenzake wote wanajibu kwa sauti moja, "Ameripoti!" Mteja akalieleza sweta shida zake, na mwisho wa kipindi sweta likapewa cheti cha mfanyakazi bora.

Jambo hilo nilikwambia jikoni kwangu, nikakwambia likome pale pale. Nilikwambia kwa nini Bi Pole hutoka. Mume lazima ageuzwe kitandani mara kwa mara asichubuke mgongo, na mchana hana mtu, hivyo mkewe humkimbilia, akamgeuza, akamlisha, akarudi. Nilikwambia kwamba sisi wenzake tunalilinda sweta lake la kijani na kuihudumia foleni yake, hakuna mteja anayerudi na shida yake. Hata neno nilikueleza. Tulikubaliana tusiseme uongo, ndiyo maana tukiulizwa tunajibu "ameripoti", kwa sababu kweli asubuhi ameripoti. Wewe ukachukua sweta, ukachukua na neno, mgonjwa ukamwacha. Badala yake ukaweka saluni.

Bi Pole akaunyoosha mto wa mumewe. Mumewe alikuwa anacheka. Hakuelewa, alicheka tu kama kawaida yake, akamgeukia mkewe ili wacheke pamoja. Bi Pole akamfuta mate mdomoni, akamwambia, "Ndiyo, baba, inachekesha."

Hayo yangeishia pale chumbani ningemeza. Kesho yake Mkuu akatoka ofisini kwake anamtafuta. "Mama wa malalamiko yuko wapi?" Tarishi, mdomo umeshazoea, akajibu, "Ameripoti."

Ofisi nzima ilipasuka. Mhasibu alilaza kichwa mezani. Mkuu mwenyewe alicheka mpaka akashika mlango. Na mimi nilicheka, Kidomo. Kicheko kilinitoka kabla sijakumbuka tunamcheka nani. Kisha Mkuu akanyamaza, akageuka, akakitazama kile kiti chenye sweta la kijani.

Bi Pole amesimamishwa kazi mpaka kikao cha nidhamu kikae mwezi ujao. Naomba jambo moja. Liondoe sweta kwenye kipindi. Mkuu anatazama kila wiki, na kila likitokea hasira yake inapashwa moto upya. Lisipotokea huenda akapoa, kikao kikampa onyo tu. Tangu uzaliwe sijawahi kukuomba kitu.

Dada yako


9 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini magoti yana nafuu. Barua yako imenikosesha raha, naapa.

Lakini nisikilize na mimi. Rangi nilibadili, dada. La Bi Pole ni la kijani, langu ni jekundu. Saluni nayo niliiweka makusudi, ili mtu asimtambue. Ni watu wangapi duniani wanatundika sweta kwenye kiti? Mkuu wenu ana macho, angegundua tu siku moja. Na aliyejibu ni tarishi wenu, si mimi.

Nilimgusia mtayarishaji suala la kulitoa. Akaniambia nikilitoa, nitoke nalo. Ungeona ukuta wetu! Toka tuanze hatujapata maoni kama haya. Kuna mtazamaji anataka sweta ligombee uongozi. Kuna aliyetuma picha ya kiti chake. Watu wanasalimiana njiani, "Umeripoti?" Bila watazamaji kubadili mawazo siwezi kubadili kitu, wao ndio wenye kauli. Nimepewa niandike kipindi kizima cha Sweta peke yake, na jina langu litatangulia mbele ya wote. Dada, unakumbuka nilivyokuwa, siku nilipofika kwako na mfuko wa plastiki wa nguo? Nifurahie kidogo.

Mpe pole Bi Pole. Mambo ya ofisi yanapita.

Mdogo wako,
Kidomo


24 Aprili

Kidomo,

Kikao kimekaa. Mimi ndiye katibu muhtasi, hivyo nilikuwepo na kalamu yangu. Mkuu alifungua kwa kuuliza kama mtuhumiwa amekuja mwenyewe au amelituma sweta, na wajumbe wakacheka. Baada ya hapo hakuna aliyesikiliza habari za mgonjwa. Bi Pole amehamishiwa tawi la mbali, safari ya kutwa nzima. Akikataa, kazi basi. Amekubali, maana dawa hazinunuliwi kwa huruma.

Nilimfuata nyumbani nikamkuta anakunja nguo. Hakuniuliza nilimwambia nani. Angeuliza nini, na mimi mwenyewe nilitangaza ofisi nzima kwamba mwandishi ni mdogo wangu? Nikamwambia mume nitamtazama mimi, nitakuja kila mchana, aniachie ufunguo. Akaendelea kukunja. Akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Akasema taratibu, bila ukali, kwa sauti ile ile anayowapa pole wateja. Ufunguo ameuacha kwa jirani wa nyumba ya pili, ambaye ana duka na watoto wanne, na ambaye hajui hata mgonjwa analalia upande gani.

Rafiki huyo nilikaa naye meza kwa meza tangu tulipoajiriwa. Umeniuzia rafiki, mdogo wangu. Hata bei hukuniuliza.

Nimeumia mno, siwezi kukuandikia zaidi.

Dada yako


20 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu nakuandikia bila jibu. U mzima? Magoti je? Hata kama umenikasirikia, niandikie neno moja nijue uko salama.

Najua nimekukosea. Kipindi cha Sweta kilipotoka, studio walinibeba juu juu, na mimi nikawa natafuta simu yangu nione kama umepiga. Maoni yalijaa ukuta mpaka yakaanza kubandikwa mlangoni. Nimeyasoma yote nikitafuta mwandiko wako. Nimefikiria kumwandikia Bi Pole zawadi kidogo kwenye kipindi, pengine mwishoni sweta lipandishwe cheo, watu walipende zaidi. Unaonaje? Wewe ndiye unayejua lipi litamfurahisha.

Nimeomba likizo nije. Niambie tu nije lini.

Mdogo wako,
Kidomo


18 Juni

Kwa Mwandishi,
Kipindi cha Rudi Jumatatu.

YAH: MAONI YA MTAZAMAJI

Kichwa cha barua hapo juu kinajieleza.

Barua zako zote zimepokelewa. Katika mojawapo umeeleza kwamba wenye kauli ni watazamaji. Dada aliomba akakosa, kwa hiyo naandika kama mtazamaji, huenda nikasikilizwa.

Kwanza, kipindi kinachekesha. Sina haja ya kulikana hilo. Nilicheka mimi mwenyewe mbele ya Mkuu wangu wa kazi, na rafiki yangu ameshasimuliwa kwamba nilicheka.

Ninalopenda kuwaarifu ni kwamba mtazamaji wenu mmoja, aliyekuwa akicheka kwa nusu ya mdomo, kwa sasa hatazami. Jirani alichelewa mara kadhaa kumgeuza, mgongo ukachubuka, vidonda vikaingia ndani. Amelazwa, na wodini hakuna televisheni. Mkewe ameomba ruhusa ya kuja kumwona, akajibiwa asubiri. Nimekwenda mara mbili kumtazama. Mara ya pili nesi aliniambia, kwa adabu kabisa, kwamba mke wa mgonjwa amepiga simu kuomba nisiruhusiwe kuingia.

Kuhusu pendekezo la kulipandisha sweta cheo, maoni yangu ni kwamba halitamfurahisha yeyote ninayemjua. Kama lazima mwandike zaidi, basi mwacheni huyo mama wa sweta atoke mlangoni na kamera imfuate mpaka anakokwenda. Mwonyesheni akiinua, akigeuza, akifuta, akirudi mbio kuwahi foleni. Kama hicho hakichekeshi, kiacheni kisichekeshe.

Umeuliza zaidi ya mara moja hali ya magoti yangu. Swali hilo ni la mambo ya kifamilia, halihusiani na kipindi, kwa hiyo halitajibiwa hapa. Vivyo hivyo swali la kuja kwako.

Maoni haya yasibandikwe ukutani. Jibu halihitajiki.

Mtazamaji