Mtu wa Elfu Mbili na Moja

Jumatatu, 3 Juni
Siku ya kwanza langoni. Wageni elfu mbili tu kwa siku ndani ya mtaa wa zamani, basi! Nimepewa fulana ya kijani na kidude cha kuhesabia: kila kichwa, bonyeza. Kidole gumba kinauma. Saa nane mchana idadi ikatimia, nikafunga. Mgeni mmoja akalalamika kwamba ameiota safari hii miaka kumi. Nikamjibu, kesho nayo ni siku. Mdomo wangu huu!

Jumanne, 4 Juni
Mama ana furaha. Kaanika nguo barazani bila kupigwa picha hata moja. Anasema serikali imepata akili uzeeni.

Alhamisi, 6 Juni
Kadi za wakazi zimetoka. Mwenye kadi anapita bila kuhesabiwa. Mimi napita kwa beji ya kazi, lakini kadi ya Mama haimo! Nimepekua orodha mara tatu. Msimamizi akanionyesha kwenye kompyuta: nyumba yetu imeandikwa nyumba ya wageni, na nyumba ya wageni haina mkazi.

Fomu ya kusajili nyumba nilijaza mimi. Mwaka juzi, tulipowakodisha wageni chumba cha juu. Kulikuwa na vibokisi viwili, makazi na nyumba ya wageni — nikatia alama kwenye hicho cha pili, haraka haraka, niwahi chakula. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema. Mimi nimemtumbukiza mama yangu.

Ijumaa, 7 Juni
Karani wa kadi anasema marekebisho ni wiki tatu. Sijamwambia Mama, naona aibu. Leo kapita langoni mara mbili, nami nikaangalia pembeni, kidole kimetulia. Mwenzangu wa zamu aliona. Akakohoa tu. Kikohozi kile sikukipenda.

Jumamosi, 8 Juni
Naandika hapa hapa langoni, nimesimama. Msimamizi yuko hatua mbili kutoka kwangu tangu asubuhi — kikohozi kimefika ofisini!

Idadi imetimia saa nane na nusu. Saa tisa Mama akarudi kutoka kliniki, mguu umevimba. Msimamizi akamwomba kadi, kwa adabu zote. Mama akanigeukia: mwanangu, mwambie. Badala yake nikamwambia yeye, Mama. Yote, mpaka kile kibokisi. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Nimempa kiti changu. Kakaa nje ya lango pamoja na waliochelewa. Mgeni mmoja kamuuliza ametokea wapi. Akaonyesha kwa kidole juu ya lango: pale, penye zile nguo. Mgeni akazipiga picha.

Sasa manyunyu yameanza. Msimamizi anasema sheria ni sheria, nikiondoka zamuni nisirudi. Mama hamsikilizi. Ananiambia wewe si una beji, mwanangu, wewe unaruhusiwa, kimbia ukanianulie nguo. Kaniwekea ufunguo wa nyumba mkononi. Bado una joto la kiganja chake, na mvua inazidi —