Mama, Tausi Anataka Viatu Vyepesi

Mpendwa mama,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu mjukuu wako Tausi ameondoka nyumbani bila kuniaga vizuri, na chanzo ni viatu.

Ulipotuacha alikuwa bado anatambaa. Sasa ana miguu mirefu kama yako, na amechaguliwa kwenye timu ya mkoa ya riadha ya shule. Mwaka jana kisigino cha kulia kilimuuma hadi akawa anachechemea kwenda darasani. Kilipona polepole. Kocha wake akamwambia viatu vyepesi vingemsaidia. Neno hilo "vyepesi" nimelishuku tangu utoto, na wewe unajua kwa nini.

Ulikuwa unanunua dagaa kwa wakaushaji wa Kibirizi na kwenda kuuza sokoni Mwanga. Kabla ya kulipa uliingiza mkono hadi chini ya gunia, ukachota, ukapima kwa kiganja. Wazito uliwarudisha. "Hawa wana maji," ulimwambia muuzaji, naye akaapa, nawe ukawa umeshahamia gunia la pili. Kwa dagaa mkono wako haukukosea. Tatizo ni kwamba uliutumia kwa kila kitu. Nilipochaguliwa kukimbia shuleni ulinipeleka kwenye mitumba, ukanyanyua raba moja moja, ukaziacha zenye soli nene, ukachukua nyepesi kuliko zote.

"Hizi zimekauka vizuri," ulisema. Muuzaji alicheka mpaka akakaa chini.

Zilikuwa zimekauka kweli, na gundi nayo ilikuwa imekauka. Nilimaliza mbio nimeshika soli mkononi, wewe ukiwa pembeni unapiga kelele, "Kimbia! Acha kuangalia kiatu!"

Basi, Jumamosi iliyopita nilikwenda sokoni Mwanga na Tausi, kwa kijana anayeuza viatu vya mazoezi vya mtumba. Alimwekea Tausi kiatu cha rangi ya chungwa kiganjani.

"Unyoya huo, mdogo wangu. Ukivaa, barabara yenyewe inakusukuma."

"Kimeshatumika kiasi gani?" nikauliza.

"Mama, hiyo gredi ya kwanza. Mwenyewe huko Ulaya alikuwa anatembelea sebuleni tu."

"Ulimwona?"

"Kwani mama ni polisi?"

"Mwandishi wa habari," Tausi akamjibu kwa aibu. "Ni mbaya zaidi."

Bei aliyotaja ingenunua gunia la mchele. Kabla sijasema kitu Tausi alikuwa ameshavivaa, akakimbia hadi kona ya wauza vitenge na kurudi. Mama, nilimwona. Miguu ilikuwa inagusa chini na kuondoka kana kwamba ardhi ina moto. Fundi cherehani mmoja aliacha kushona amtazame. Tausi alirudi anacheka peke yake. Nimewahoji watu wengi waliouziwa dawa za ajabu na viwanja visivyokuwepo, na kila mara nilijiuliza kwa nini walitoa pesa haraka hivyo. Siku ile nilielewa.

Nikaomba viatu. Nilibonyeza sponji ya soli kwa kidole gumba. Upande wa nje ilirudi mara moja. Upande wa ndani, kisiginoni, shimo la kidole lilibaki palepale. Nikaviweka kwenye meza ya fundi: vyote viwili vililalia ndani. Aliyevivaa kwanza alishavimaliza, na kisigino cha Tausi kingelala vilevile.

"Ndivyo vilivyotengenezwa," kijana akasema.

"Nani kakwambia?"

Akaanza kupanga kandambili zake.

Nilikataa kununua. Tausi alivivua bila kufungua kamba. "Wewe mama unakagua kitu mpaka kinakufa," akaniambia. Jumatatu alikwenda kambini na raba zake za zamani, zile nzito, akapanda bajaji bila kugeuka.

Jana jioni alinipigia kwa simu ya kocha. Msichana mmoja wa timu yao amemwazima viatu vyepesi, vipya, na Tausi amevifanyia mazoezi. Nikamuuliza vimenunuliwa wapi. Nikamuuliza kisigino kinasemaje, na kama ameibonyeza soli pande zote mbili. Nilisikia wenzake wanaimba nyuma yake.

"Mama, mbona huniulizi nilikimbiaje?"

Nikamuuliza.

Alizungumza mpaka kocha akadai simu yake. Sijui kama kisigino kitavumilia, na viatu hivyo navishuku hata kabla sijaviona. Keshokutwa anakimbia. Nitakuwepo uwanjani, na swali la kisigino nitalizuia mdomoni mpaka avuke mstari.

Endelea kupumzika, mama.

Binti yako wa Mwanga,
mama Tausi