Magunia Yaliyovaa Riboni za Harusi

Babu, mume wangu wa kwanza,

Usininunie kwa kukawia. Tangu tulipokuzika kule Mpui, mvua zikiwa bado hazijakatika, nimekuwa nikitaka kukuandikia, lakini kila nikishika kalamu nilijikuta na habari mbaya tu, na wewe habari mbaya ulikuwa unazisikiliza umegeuza uso, unachokonoa meno. Leo ninazo nzuri. Leo nimeketi juu ya gunia la mahindi, ndani ya chumba changu mwenyewe hapa mjini, Majengo. Paka amelala miguuni pangu. Mume wangu wa pili yuko uani ananawa mikono inayonuka dagaa, anaimba. Babu, anaimba vibaya sana, na mimi naacha kuandika ili nimsikilize. Nampenda mpaka naona aibu kukuambia wewe.

Ndiyo, niliolewa. Ulimwona Gervas mara moja tu, alipokuja kujitambulisha, ukamshika kiganja ukakigeuza kama mtu anayekagua kiazi, ukasema hakina sugu hata moja. Ulikuwa umeniambia tangu sijajua kusoma kwamba mimi ni mke wako, na kwamba mwanamume atakayenitaka atakukuta umesimama mlangoni. Babu za wenzangu walitaka blanketi, walitaka mbuzi. Faini yako wewe ilikuwa nyingine. "Atanilimia siku moja, mimi nimekaa namtazama." Kisha ulicheka mpaka ukakohoa, na mama akaja kukupiga mgongoni.

Asubuhi ya harusi nilipotoka nyumbani, wajomba walikuwepo, shangazi Veneranda alikuwa anapiga vigelegele, na mlango ulikuwa wazi. Hakuna aliyeuziba. Nikasimama hapo kizingitini. Watu wakadhani kiatu kimenibana, mmoja akainama kunilegezea kamba. Nilikuwa nakungoja, Babu.

Nilimweleza Gervas habari ya faini yako siku zilizofuata. Nilidhani atacheka, kwa sababu yeye ni mtoto wa ziwani, wa Wampembe, na jembe analijua kwa kuliona kwa watu. Hakucheka. Alisema, "Basi bado sijamaliza kukuoa."

Sasa nikueleze lililotupata.

Tulipanga vyumba viwili na baraza, nyumba ya mzee mmoja tunayemwita Baba Odilia, dereva wa malori aliyestaafu. Barazani nilikuwa nasuka nywele, na Gervas alikuwa na meza yake ya samaki, migebuka na dagaa ambao kaka zake wanamletea kutoka Wampembe. Wateja wake na wangu wote wanaijua baraza ile. Harusi ilipokaribia, ndugu zetu wa Mpui walikuja na lori zima: mahindi, maharage, ulezi wa pombe. Ukumbi ulikuwa bado haujafunguliwa, kwa hiyo wakashusha kila kitu kwenye chumba chetu cha mbele. Walipanga magunia mpaka yakakaribia dari. Baba Odilia alipita, akachungulia, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Tulikuwa hatujamaliza hata kufungua zawadi alipokuja. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti nzuri tu, akakaa. Akatupongeza. Akayatazama magunia yaliyobaki, yale ambayo shangazi Veneranda alikuwa bado hajapata usafiri wa kuyarudisha. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilipangisha chumba cha kulala. Sikupangisha stoo. Stoo ina bei yake."

Tulimweleza kwamba ni chakula cha harusi. Harusi ambayo yeye mwenyewe alikuja, akala wali, tena akarudia. Haikusaidia. Alikuwa ameshajionea moyoni kwamba amepangisha wafanyabiashara wa mazao wanaojifanya maskini, na alisema mjini hapa kila mwenye nyumba anapandisha, kwa nini yeye abaki mjinga. Kodi ikapanda karibu mara mbili, na aliitaka ya miezi sita kwa mkupuo, kabla mwezi haujaisha.

Unajua sisi tulikuwa na nini? Tulikuwa na makochi mapya, albamu ya picha, na keki iliyokauka. Harusi ilikuwa imetufagia. Na kuhama hatukuweza, Babu, kwa sababu anayehama naye hulipa miezi sita kule anakokwenda, na dalali anataka chake, na baraza ungeiacha pamoja na wateja wake. Wa kukopa kwake hatukuwa naye, maana kila tuliyemjua alikuwa ameshatuchangia.

Basi tukaamua kwa upole, kama watu wazima. Gervas arudi Wampembe kwa kaka zake, mimi nirudi Mpui kwa mama, mpaka mavuno mengine. Tulizungumza tumeshikana mikono. Yeye akaanza kukunja mashati yake, na mimi nikalichukua moja, lile la bluu alilovaa siku aliyoniposa, nikalificha chini ya godoro, ili mkoba wake usitimie na asiweze kuondoka. Alilitafuta nyumba nzima. Alijua liko wapi. Alikuwa ananiacha nimtazame akilitafuta.

Baridi ya mwezi ule unaijua. Upepo ulikuwa unaingia chini ya mlango, na huyu mtu wa joto la ziwani alikuwa analala na sweta na soksi, akinibana kama ameshikilia gogo asizame. Nilikuwa nawaza, nani atampasha joto huko aendako, halafu nakumbuka kwamba huko hakuna baridi, halafu nalia zaidi.

Aliyetuokoa ni mjomba Paskali, na wala hakukusudia. Alileta magunia yake machache sokoni, akakuta bei imeanguka siku hiyohiyo. Kuyarudisha Mpui ni nauli juu ya nauli. Maghala makubwa hayataki kusumbuliwa na mtu mwenye magunia matano. Akaja kwetu amechoka, akaomba ayalaze pembeni ya yale ya shangazi mpaka bei isimame. Tulimkubalia bure, yeye akakataa bure, akasema mtu anayelala na mali ya mwenzake lazima apate chochote. Hazijapita siku nyingi akamtuma jirani yake naye alete yake. Jirani akaja na shemeji yake.

Gervas aliyatazama yale magunia kwa muda mrefu, huku shati moja likiwa mkononi. Kisha akalitundika shati msumarini, akavaa viatu, akaenda kwa Baba Odilia. Mimi nilimfuata nyuma nikiwa na kitana kichwani.

"Mzee," akamwambia, "kama kodi ni ya stoo, basi nyumba iwe stoo."

Baba Odilia alicheka. Alidhani anatishwa na mtoto. "Ijaze mpaka darini ukiweza."

Basi tumeijaza. Makochi tuliyauza, yangekaa wapi hata hivyo, na fedha yake tukaitanguliza kwenye kodi. Iliyobaki mzee akakubali kuipokea kidogokidogo mpaka msimu uishe, maana aliyaona magunia yanavyoingia. Tuliweka mbao chini yasiguse sakafu. Ili mali za watu zisichanganyike, nilitoa riboni za harusi, zile nyeupe na za rangi ya machungwa nilizogoma kuzitupa. Mjomba Paskali amefungwa nyeupe, jirani yake ya machungwa, shemeji amefungwa rangi zote mbili zilizosokotwa pamoja. Ukiingia unadhani magunia yanasubiri padri. Wateja wangu wa nywele wanakaa juu yake wakati nawasuka, wanasema ni laini kuliko viti. Panya walipokuja tulitafuta paka, na Gervas akampa jina la Dalali, kwa sababu anazunguka kutwa na anataka chake hata akikosa.

Na usiku, Babu, upepo hauingii tena. Magunia yamekuwa ukuta. Gervas amevua soksi. Anasema nywele zangu zinanukia mahindi mapya, na anasema hivyo kama mtu anayesema marashi.

Lakini kuna siku moja tu nataka uisikie vizuri, kwa sababu siku hiyo ulikuwepo.

Unakumbuka ulivyokuwa unanifundisha wakati wa mavuno? Ulikuwa unanivuta mkono, unauzamisha ndani ya gunia mpaka begani, unaniuliza kuna joto au hakuna. Kisha unanipa punje niing'ate. Ikikatika kwa mlio, unafunga gunia. Ikikubali jino bila kelele, unanitazama kwa huzuni, unasema, "Hili bado linapumua, mke wangu. Ukilifungia litakukasirikia." Nilikuwa nadhani ni mchezo wetu tu wa kunifanya nicheke. Sasa ndiyo kazi yangu. Kila gunia linaloingia hapa nalizamishia mkono, na watu wamezoea, wananiita daktari.

Basi akaja Baba Odilia mwenyewe. Ana shamba lake dogo nje ya mji, na aliwaona wapangaji wake wanatunza mali za watu wote isipokuwa yake. Alileta magunia yake kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akasimama mlangoni, akasema tumtafutie nafasi. Nikaingiza mkono. Babu, kulikuwa na joto kama mkate. Nikang'ata punje. Jino likazama bila kelele.

Gervas alinitazama. Nilijua anachowaza, kwa sababu na mimi nilikuwa nakiwaza. Huyu ndiye mwenye nyumba. Akikasirika, mashati yanarudi mkobani. Na nikiyapokea, yataoza, na uozo hauchagui riboni, utaingia kwa mjomba na kwa jirani na kwa wote waliotuamini, na hapo hatutakuwa na nyumba wala jina. Nilipiga goti kidogo kama ulivyotufundisha kwa wakubwa.

Nikamwambia, "Baba, haya bado yanapumua. Siwezi kuyafungia."

Alinyoosha mkono, akachukua punje, akaing'ata, akatafuna, akatema pembeni. Akachukua nyingine kutoka gunia la pili. Ile nayo akaitema. Nikasema kimoyomoyo, Babu, simama mlangoni sasa, siku ya harusi hukuweza, simama leo.

Akaniuliza, "Nani kakufundisha?"

"Babu yangu, wa Mpui."

"Yuko wapi huyo mzee?"

Nikamwambia.

Alivua kofia, akaigeuzageuza, akasema, "Angekuwepo angenicheka." Halafu akawaambia vijana wa mkokoteni washushe uani, siyo ndani, wayamwage kwenye turubai. Aliyaanika pale, na kila siku alikuja kuyageuza kwa mikono yake, akiwafukuza kuku kwa kofia ileile, na akipita barazani ananiuliza, "Daktari, leo wanasemaje wagonjwa?" Yalipokauka alinipa punje mwenyewe. Ikalia. Tukacheka wote watatu, na Dalali akakimbia.

Riboni zilikuwa zimekwisha. Nikakata vipande vya shela yangu, Babu. Magunia ya mwenye nyumba wetu sasa yamefunikwa wavu mweupe wa bibi harusi, na analipia nafasi kama watu wengine, na tukimpelekea kodi anaipokea anacheka, anasema nyingine humu naijua, ilikuwa mfukoni mwangu. Kodi hakuipunguza, usije ukadhani kawa malaika. Lakini amesema mbele ya mkewe kwamba maadamu mahindi yake yanalala kwetu, haitapanda, na hataki kusikia habari za sisi kuhama.

Hatuhami. Naliandika hilo neno polepole nilionje. Hatuhami, hatutengani, sirudi Mpui na mkoba wala yeye harudi Wampembe. Shati la bluu nimelitoa chini ya godoro, nimelifua, limetundikwa msumarini, na kila nikilipita nalishika mkono wake mtupu.

Nilitamani sana ungeyaona haya. Siku nyingine nikizamisha mkono gunia linapokuja, nikifika begani, nafumba macho kidogo, kama vile nitakuta kiganja chako huko ndani kinanisubiri. Sikikuti. Lakini mkono unatoka na joto au unatoka na ubaridi, na nikijua ni kipi, najua ni wewe umeniambia.

Gervas amemaliza kunawa. Amesimama nyuma yangu anasoma, na anasema nimemsingizia kuhusu kuimba. Anasema pia nikuandikie hili, na ameniangalia mpaka nikaliandika. Mvua zikishika na majani yakirefuka, tutafunga mlango kwa siku chache, tumwachie Baba Odilia funguo na paka. Tutakuja Mpui. Gervas atashika jembe lako lile lenye mpini mfupi, atageuza majani na udongo na kuinua intumba, vile vilima vidogo vya udongo kama vyako vya kupandia maharage, kwenye shamba lililo karibu na ulipolala. Siku nzima. Najua vitakuwa vimepinda. Viganja vitamchubuka, atauliza mara ngapi sijui kama jua halijazama. Mimi nitakaa kando yako, nitakuwa nakueleza kila anachokosea, ili usipitwe na kitu.

Jioni tutakuwekea maharage ya kwanza ardhini, na nitamshika mkono nimlete karibu nawe aoneshe sugu zake. Hapo ndipo utakuwa umetoka mlangoni, Babu, na yeye atakuwa amemaliza kunioa.

Lala vizuri, mume wangu. Tangulia kucheka, sisi tunakuja.

Mkeo mdogo,
Skola