Usiuze Samadi ya Gunda

Ndugu yangu Ochieng',

Goti la Mama linaendeleaje? Na kile kikohozi chako cha vumbi la mahindi, kimekuacha? Mimi ni mzima wa mwili. Nimeshika kalamu kwa sababu simu unaikata nikianza tu kupata moto. Barua utaikunja, lakini maneno yatabaki humo.

Jumapili uliniambia kuwa lori linakuja mwisho wa mwezi kuzoa samadi yote ya gunda, lile boma la zamani la babu, ili upate pesa za mbolea ya dukani. Nilipopinga, ukacheka: "Dada, uliolewa ukarudi. Sasa unataka kutawala hata mavi ya ng'ombe?"

Ndiyo, nataka.

Kambi ninayopikia inalisha wachimbaji wa fosfeti. Huku jangwani, nchi ya watu, wanachimba jiwe, wanalisaga na kulitia asidi, linakuwa mbolea ile ile ya gunia unayoipangia foleni Ndhiwa. Mchimbaji mmoja aliniletea jino la papa lililotoka ndani ya jiwe hilo. Hapa palikuwa bahari! Mifupa, meno na mavi ya viumbe wa kale ndiyo yaliyogeuka jiwe. Kwa hiyo, bwana mkubwa, unauza mavi ya nyumbani ununue mavi ya kale ya ugenini. Halafu mimi ndiye nisiyejua kilimo.

Maji hupanda angani yakarudi na mvua. Fosforasi, kile chakula cha mmea kilichomo kwenye jiwe hili na kwenye samadi, hairudi hivyo. Inatembea kwa miguu: inatoka udongoni, inaingia kwenye nyasi, ng'ombe anaila, anakuja kuiacha bomani. Miaka yote ya babu imelala pale. Ndiyo maana mahindi ya gunda hukoza kijani, na yale ya shamba la juu hugeuka zambarau, nawe unalaumu baridi. Udongo wetu mwekundu unaing'ang'ania fosforasi, mmea ukose. Na mvua ikiuchukua udongo wenyewe, safari ni mtoni, kisha ziwani, kulisha gugumaji.

Shemeji yetu wa Homa Bay alipozingirwa na gugumaji ndani ya mtumbwi wake kutwa nzima, alisema amelogwa. Nilimcheka. Sikumwambia kwamba mimi, nikiwa bado mwalimu, ndiye niliyekufundisha kumwaga mbolea juu juu kwenye mteremko mvua ikikaribia. Nilikosea, Ochieng'. Naliandika hili mara moja tu, usilizoee.

Sasa mtumbwi uliokwama ni mimi. Mkataba wangu uliisha kabla ya Pasaka, na pasipoti iko kwenye kabati la chuma la msimamizi. Nilimwendea.

"Mama Kenya, pasipoti yako iko salama."

"Salama kutoka kwa nani?"

"Isipotee. Nenda, supu yako inaungua."

Kweli ilikuwa inaungua. Nikarudi jikoni. Nimebishana na maaskofu na wabunge maishani mwangu, nikashindwa na sufuria.

Sijui nitatoka lini. Mila unaijua: binti aliyerudi hazikwi ndani ya ua wa baba yake. Mama aliniahidi kaburi ukingoni mwa gunda, na wewe ulikuwepo ukaitikia. Lori likizoa, wataniachia shimo na kokoto. Mifupa yangu ilijengwa na mtama na mboga za pale, Ochieng'. Nataka kuirudisha. Napendelea kuirudisha ikiwa imesimama, imeshika jembe.

Nisalimie Mama. Msalimie mkeo Atieno, mpishi mwenzangu wa huko nyumbani, na umpe barua hii amsomee Mama kwa sauti, asiruke kitu. Shemeji wa mtumbwi naye mwambie hakulogwa, na kwamba namwomba radhi.

Dereva wa lori akija, mwambie gunda lina mwenyewe. Akiuliza yuko wapi, mwambie yuko njiani.

Ni mimi dada yako, mwenye mdomo,
Akoth