Darini Hakuna Joto Tena

Jumapili, 12 Oktoba

Jua limechoma tangu asubuhi. Mawingu yanajikusanya upande wa ziwa na kutawanyika bila kuacha hata tone. Mabega yananiuma. Ni alasiri, naandika nikiwa darini, mahali ambapo mwezi uliopita mtu asingekaa dakika tano saa kama hizi.

Nyumba yetu hapa Kashaulili ina vyumba viwili tu, ila aliyeijenga alipenda paa refu. Juu ya dari kulibaki nafasi kubwa ya popo na joto. Mama mkwe alipopangiwa upasuaji wa mtoto wa jicho hapa mjini, nilimwambia mke wangu, mama Neema, kwamba sisi tutahamia juu, mama yake achukue chumba chetu, na mabinti wabaki chumbani kwao.

Nilifanya kazi wiki tatu, kwa utaratibu. Kwanza sakafu ya mbao, kisha ngazi. Halafu maganda ya mpunga ya kuzuia joto la bati, ambayo pale mashineni ninapotunza stoo hutupwa tu. Niliyachekecha kiroba baada ya kiroba, maana chenga na pumba laini zikibaki, panya watahamia kabla yetu. Nikachanganya na chokaa kuzuia wadudu. Nikagongelea mbao nyembamba chini ya kenchi zinazobeba bati, mstari mmoja mmoja kuanzia chini, na kila mstari ulipokamilika nikashindilia maganda nyuma yake, kati ya mbao na bati, mpaka kileleni. Kila upande nikaacha tundu lenye wavu ili hewa ya moto itoke.

Vumbi la maganda linawasha. Shingo bado ina vipele.

Lakini Jumatano, saa nane mchana, nilijilaza chali kwenye zile mbao nikasinzia. Chini ya bati, Mpanda, mwezi wa kumi.

Nilijisifu. Nakiri.

Mama mkwe alitoka kijijini kwake Kasansa moja kwa moja hadi hospitali, akafanyiwa upasuaji, jana akaruhusiwa. Daktari anataka akae mjini wiki tatu, atiwe dawa kila siku, mbali na moshi wa jikoni na vumbi la zizi. Jicho la kwanza lilipotea kwa sababu alirudi nyumbani mapema mno. Hili ndilo pekee lililobaki.

Aliingia chumbani, akapapasa kitanda, akauliza sisi tunalala wapi. Mama Neema akamwonyesha ngazi kwa fahari. Mama akageuka, akatoka, akakaa barazani.

Haongei nami uso kwa uso. Ni Msukuma, na kwao mambo ya ukwe hayana mchezo. Mimi nilikuwa sebuleni, nasikia kila neno, na alijua nasikia.

"Mwambie baba Neema kazi yake nimeiona. Ila mimi silali chini ya miguu ya mkwe wangu."

"Mama, kuna mbao katikati. Kuna na godoro."

"Kwani mbao ni ukuta? Akijigeuza nitasikia. Akikohoa nijifanye nimekufa?"

"Basi watoto wapande juu, sisi tulale chumbani kwao."

"Halafu asubuhi tukutane koridoni na mataulo mabegani? Kwetu mkwe anapewa nyumba yake. Nyie wa mjini mmekazana na joto tu. Jumatatu nitafutieni gari."

Usiku amelala kwa jirani, kwenye mkeka, chumba ambacho ndani yake wanapikia kwa mkaa. Jicho likiwa limefunikwa bandeji.

Leo kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa namkasirikia yeye, halafu hasira ikanigeukia mwenyewe. Mimi ni Mfipa. Baba yangu hakuwahi kula chumba kimoja na bibi mzaa mama, wala kulala nyumba aliyolala yeye. Haya niliyakuta, nikayaona kwa macho yangu. Nilipima kila ubao mara mbili, ila sikutuma hata swali moja Kasansa.

Sikuuliza kwa sababu niliogopa jibu. Nilishaipenda dari yangu.

Tuliporudi nikamwambia mama Neema kwamba wiki hizi tatu nitalala stoo, mashineni. Mabinti wapande juu, yeye alale chini na mama yake. Asubuhi nitapiga hodi nikiwa mbali. Alinishika mkono, akaenda kwa jirani kumweleza mama.

Walirudi pamoja, polepole, mama ameshika bega la mjukuu wake Neema, aliyewafuata. Nikapanda huku juu ili tusikutane mlangoni.

"Huko stoo kuna chandarua?" nilimsikia akiuliza.

"Hakuna, mama."

"Mpe hiki changu nilichokuja nacho. Mwambie asikitoboe na misumari yake."

Mabinti wanacheka, wanagombania upande wa kulala. Nimekunja nguo zangu. Stoo ile ina bati tupu, na leo bati linawaka. Sijui nitapata usingizi saa ngapi.

Chini, mama Neema ameanza kumtia dawa. "Usifumbe kwanza, mama. Bado tone moja." Kitanda kimelia, mama amejinyoosha, ameshusha pumzi ndefu.

Nimesikia yote kupitia mbao, hata hiyo pumzi. Alisema kweli.

Ngoja nishuke nitokee mlango wa nyuma, apate kupumzika.