Jeti ya Pikipiki ya Baba

Shoga, nimeharibu! Nimeharibu vibaya!

Ile kabureta ya pikipiki kuukuu ya baba, si nilikwambia tunaifufua pamoja? Jeti iligoma kutoka. Ile skrubu ndogo ya shaba yenye tundu la kupitisha petroli. Baba akaitia mafuta ya kulainisha, akaniambia, "Iache mpaka kesho, usiilazimishe."

Mimi na kiherehere changu! Alipotoka tu nikaivamia kwa bisibisi isiyoenea. Kichwa cha jeti kikalika. Nikaleta drili, ikateleza, ikatoboa kabureta yenyewe! Na kabureta kama hizo madukani hazipo tena.

Baba karudi, kaigeuzageuza kwenye mwanga. Unajua kasema nini?

"Jeti hii niliikaza mno mimi mwenyewe, zamani. Ndiyo maana imekushinda. Nisamehe, mwanangu."

Nisamehe! Ananiambia mimi!

Na mimi nikajibu, "Usijali baba, yameisha." Nimemsamehe, shoga! Nimemsamehe baba yangu kwa kosa langu!

Ngoja, naenda kumwambia.

Nimerudi. Nimemwambia yote, kwamba niliilazimisha alipotoka tu, huku nalia. Kasema "sawa" tu. Kaifunga kabureta kwenye kitambaa, kaingia nayo chumbani.

Heri angenifokea.